Mashine za sarafu Marekani wakati wa Mdororo Mkuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na kuanguka kwa uchumi kulikofuata ndiko kunakoitwa Mdororo Mkuu. Kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi, na Machi ya mwaka huo mabenki yote yalifungwa kwa siku kadhaa kwa amri ya rais. Katika kipindi hichohicho, mashine zinazofanya kazi kwa kutumbukiza sarafu zilienea kwenye maduka, vinyozi, baa na vituo vya treni kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wasomaji huuliza zaidi kuhusu biashara hiyo: nani alifaidi, nani aliumia, na mashine zenyewe zilifanyaje kazi.

Tunaposema mashine za sarafu tunamaanisha zipi?

Mashine yoyote inayomhudumia mteja baada ya kutumbukiza sarafu, bila muuzaji kuwapo. Zilikuwapo za kuuza vitu (karanga, chingamu, sigara, soda, hata chakula cha moto), za kutoa huduma (kupima uzito, kupiga picha, kupiga muziki) na za mchezo (pinboli, yaani mchezo wa kurusha goroli ndani ya meza yenye matundu ya alama; mashine za kamari zenye magurudumu matatu; na zile za kunasa zawadi kwa kijikono cha chuma). Mfanyabiashara mmoja aliweza kumiliki za aina zote hizo kwa pamoja, na ndiyo maana ni vigumu kueleza habari ya mashine ya karanga bila kuigusa ya kamari. Zilitengenezwa na viwanda vilevile, zikauzwa na mawakala walewale, na mara nyingi zilisimama kwenye duka moja.

Zilianza wakati wa Mdororo?

Hapana. Heroni wa Alexandria, mhandisi wa karne ya kwanza, alieleza chombo kilichotoa maji matakatifu hekaluni kwa uzito wa sarafu iliyodondoshwa ndani. Kwa upande wa biashara ya kisasa, London ilikuwa na mashine za kuuza postikadi miaka ya 1880, na mwaka 1888 kampuni ya Thomas Adams iliweka mashine za chingamu kwenye vituo vya treni za juu mjini New York. Mwishoni mwa karne hiyo Charles Fey, fundi mhamiaji kutoka Ujerumani, alitengeneza San Francisco mashine ya kamari ya magurudumu matatu iliyoitwa Liberty Bell (Kengele ya Uhuru). Mdororo ulizikuta mashine zipo tayari. Ulichobadilisha ni idadi yake, bei yake, na aina ya watu walioingia kwenye biashara.

Iliwezekanaje biashara ya starehe kustawi wakati watu hawana hata nauli?

Jibu liko kwenye ukubwa wa sarafu. Mtu aliyepoteza kazi hakuweza kununua redio wala gari, na hata tikiti ya sinema ya senti 25 ilimfanya afikirie mara mbili. Lakini senti moja ilibaki mfukoni. Haikutosha kununua mkate, ambao uliuzwa kama senti 7 kwa ratili moja, na ukiiweka akiba haikubadilishi maisha. Kwa senti hiyo mashine ilikupa goroli kadhaa za kucheza, au kiganja cha karanga, au uzito wako pamoja na kikaratasi cha kukutabiria bahati. Wenye viwanda walilielewa jambo hili mapema kuliko wachumi: mtu aliyenyimwa mambo makubwa hatanyimwa kirahisi na lile dogo kabisa.

Sababu nyingine ni upande wa wenye maduka. Mteja alikuwa hanunui, kodi ya pango inadaiwa, na anatokea mtu anayesema, nitakuwekea mashine hii bure juu ya kaunta, umeme haihitaji, mfanyakazi haihitaji, na kila wiki tutagawana kilichomo. Ni nani angekataa? Kwa vinyozi wengi na wenye vibanda vya sigara fungu hilo la sarafu lilisaidia kulipa kodi ya mwezi.

Na kuna jambo ambalo wengi hulishangaa: serikali ya Marekani haikutengeneza sarafu hata moja ya senti tano mwaka 1932 wala 1933. Biashara nchini ilikuwa imepoa kiasi kwamba zilizokuwapo zilitosha. Kwa hiyo sarafu za senti tano zilizokuwa zikiingia kwenye mashine miaka hiyo zilikuwa zilezile za zamani, zikizunguka kutoka mfukoni kwenda kwenye mashine, kwenye mfuko wa mwenye mashine, benki, dukani, na kurudi tena mfukoni.

Mapato yaligawanywaje?

Kulikuwa na watu wanne kwenye mnyororo. Mwenye kiwanda alitengeneza. Wakala wa mkoa alinunua kwa jumla. Mwenye mashine alinunua kutoka kwa wakala, akazitawanya madukani na kuzizungukia kila wiki kwa gari lake. Wa mwisho ni mwenye duka, aliyetoa nafasi tu. Desturi ya mgawo ilikuwa nusu kwa nusu kati ya mwenye mashine na mwenye duka, ingawa duka lenye wateja wengi liliweza kudai zaidi.

Kazi ya mwenye mashine ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Alifungua sanduku mbele ya mwenye duka, wakazimwaga sarafu kwenye kaunta na kuzihesabu pamoja ili kusiwe na ugomvi. Kisha akafuta kioo, akatia mafuta kwenye springi, akaondoa chingamu iliyobandikwa kwenye tundu, akarekebisha miguu. Pia alitakiwa kujua lini mchezo umechosha watu, auhamishie mtaa mwingine kabla mapato hayajaanguka. Waliofilisika wengi ni wale waliodhani ukishaiweka mashine kazi imekwisha.

Mtaji ulikuwa kiasi gani?

Hapa ndipo pinboli inapoingia, na ni sehemu ya habari hii ninayoiona ya ajabu kuliko zote.

Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago alitoa mchezo wa mezani ulioitwa Baffle Ball. Ni kisanduku cha mbao chenye kioo juu, misumari midogo ndani, matundu ya alama, na kijiti chenye springi cha kurushia goroli. Hauna umeme. Unabebwa na mtu mmoja. Bei yake ilikuwa dola 17.50. Ziliuzwa zaidi ya 50,000.

Fanya hesabu kidogo. Ikiwa duka linapata michezo 100 kwa siku, kila mmoja senti moja, sanduku lina dola moja jioni. Nusu yake ni ya mwenye mashine, yaani senti 50. Kwa siku 35 mtaji umerudi, na kuanzia hapo ni faida. Linganisha na kijana aliyeajiriwa kwenye kambi za serikali za kupanda miti kuanzia 1933: alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa familia yake. Mtu mwenye mashine kumi kwenye maduka mazuri alimpita kijana huyo kwa mbali, tena bila bosi. Ndiyo maana waliokuwa mafundi, wauzaji na makarani walioachishwa kazi walikusanya akiba ya mwisho, wakakopa kwa shemeji, wakanunua mashine mbili tatu na kuanza kuzungukia mitaa.

Gottlieb alizidiwa na oda. Mmoja wa waliokuwa wakiuza michezo yake, Raymond Moloney, aliposhindwa kupata mzigo wa kutosha aliamua kutengeneza wa kwake. Mwaka 1932 akatoa Ballyhoo, akauza zaidi ya 50,000 ndani ya miezi saba, na kampuni yake ikachukua jina la Bally kutokana na mchezo huo. Mwaka uliofuata David Rockola, naye wa Chicago, alitoa mchezo wa pinboli wenye picha ya mafumbo ya vipande, ukiadhimisha maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini humo. Goroli ilipoingia kwenye tundu sahihi, kipande cha picha kiligeuka na kuonekana.

Pinboli ya wakati huo ilichezwaje? Ilikuwa na vile vikono vya kupigia goroli?

Haikuwa navyo. Vikono hivyo vilikuja mwaka 1947, kwenye mchezo wa Gottlieb ulioitwa Humpty Dumpty. Miaka ya 1930 ulivuta kijiti, ukaachia, na goroli ikaanguka kati ya misumari itakavyo. Ujuzi wako ulikuwa katika nguvu ya kuvuta kijiti na namna ya kuisukuma meza taratibu ili goroli ibadilishe njia. Alama ulijumlisha mwenyewe kichwani.

Kusukuma huko ndiko kulikoleta vita kati ya mchezaji na mwenye mashine. Wapo walioinua meza nzima, wapo walioipiga kwa chini. Harry Williams, mbunifu kijana wa Los Angeles, kwanza alipigilia misumari chini ya meza, ncha zikiangalia nje, ili anayepiga aumie. Alipoona ukatili wa njia hiyo akabuni nyingine: kigoroli kilichokaa juu ya kikalio kidogo ndani ya mashine, ukitikisa kupita kiasi kinadondoka na mchezo wako umekwisha. Baadaye kikalio kikabadilishwa na kipande cha chuma kinachoning'inia, na kifaa hicho kimebaki kwenye pinboli hadi leo. Ni Williams huyohuyo aliyeleta umeme kwenye mchezo mwaka 1933 kwa kutumia betri kavu. Katika mchezo wake wa Contact, goroli ikiingia tundu fulani hutupwa nje tena kwa nguvu ya umeme, na kengele hulia. Watu walikuwa hawajawahi kuona meza inayojibu.

Kulikuwa na tofauti gani kati ya mashine ya kuuza na ya kamari?

Kisheria, tofauti ilitegemea kinachotoka. Ukitumbukiza senti tano na kila mara unapata bidhaa ya thamani hiyo, umenunua. Ukitumbukiza na huenda usipate kitu, au ukapata mara ishirini, umecheza kamari. Viwanda viliufahamu mstari huo vizuri na vilitembea juu yake kwa makusudi.

Njia iliyotumika sana ilikuwa ya peremende. Mashine ya kamari ya magurudumu matatu iliwekwa kando yake safu ya vifurushi vya peremende, na kila anayevuta mkono wa mashine alipewa kimoja hata akishindwa. Mwenye mashine alipofikishwa mahakamani alisema anauza peremende, na zile sarafu zinazomwagika ni zawadi tu ya kuvutia wateja. Peremende zilikaa humo hadi zikawa ngumu kama jiwe, kwa kuwa hakuna aliyezitaka. Tangu zamani mashine za kampuni ya Mills zilitumia chingamu kwa hila ileile, na picha za matunda kwenye magurudumu zilitokana na ladha za chingamu hizo.

Pinboli nayo ilianza upande wa mchezo safi ikateleza. Mwenye duka alimpa mshindi sigara au bia chini ya kaunta, kisha pesa taslimu. Mwaka 1933 Bally ilitoa Rocket, pinboli iliyomlipa mshindi sarafu yenyewe bila kusubiri mwenye duka. Kuanzia hapo mahakimu wengi hawakuona tena tofauti, na waliokuja kulipa gharama ni hata wale wenye michezo isiyolipa chochote.

Majambazi waliingiaje?

Kwa mlango ulioachwa wazi na sheria. Biashara inayoingiza sarafu tupu zisizo na risiti, inayoendeshwa kwenye maduka madogo mamia kwa mamia, na ambayo polisi wanaweza kuifunga wakati wowote, humtafuta mwenye nguvu wa kuilinda. Marufuku ya pombe ilifutwa Desemba 5, 1933, na magenge yaliyokuwa yakitajirika kwa magendo ya pombe yalihitaji chanzo kingine.

Mjini New York jina lililotawala ni Frank Costello. Mashine zake za peremende zilienea mjini zikilindwa na zuio la mahakama dhidi ya polisi. Fiorello La Guardia alipoingia madarakani kama meya Januari 1934 aliitangazia vita biashara hiyo. Picha zake akizivunja mashine kwa nyundo kubwa zilisambaa nchi nzima, na mashine zilizokamatwa zilipakiwa kwenye mashua na kutupwa majini. Costello alihamishia zake Louisiana, na mwenyewe alieleza baadaye kuwa alikaribishwa huko na Huey Long, seneta aliyekuwa na kauli ya mwisho katika jimbo hilo.

Lakini nasisitiza jambo moja, kwa sababu simulizi za majambazi huwafunika watu wengine wote. Wengi waliokuwa wakizungukia maduka hawakuwa na genge lolote nyuma yao. Walikuwa watu wenye gari chakavu, mfuko wa bisibisi na funguo nyingi. Hao ndio waliobanwa pande zote: genge lililotaka fungu, polisi aliyetaka fungu, na siku ya msako mashine zao ndizo zilizovunjwa kwanza.

Nevada ilichukua njia tofauti kabisa. Machi 1931, ikiwa jimbo kame lenye watu wachache na hazina tupu, ilihalalisha kamari na kuitoza kodi.

Jukiboksi zinahusikaje?

Jukiboksi, yaani mashine za kupiga sahani za santuri kwa sarafu, zinahusika sana, na kwa maoni yangu hapa ndipo biashara hii ilipoifanyia dunia jambo jema kuliko yote.

Mauzo ya sahani za santuri Marekani yalikuwa zaidi ya milioni 100 mwaka 1927. Kufikia 1932 yalikuwa yameanguka hadi kama milioni 6. Redio ilitoa muziki bure, na sahani ya senti 75 ilikuwa anasa. Kampuni zilifungwa, wanamuziki walirudi mashambani.

Jukiboksi zenye vikuza sauti vya umeme zilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, zikitengenezwa na kampuni kama AMI na Seeburg. Zilichokosa ni mahali pa kukaa. Marufuku ya pombe ilipofutwa, maelfu ya baa zilifunguliwa kwa mpigo, na hakuna mwenye baa aliyeweza kumudu bendi. Sarafu ya senti tano ilimpa mteja wimbo mmoja aliouchagua mwenyewe, wa dakika tatu hivi.

Kampuni ya Wurlitzer ilikuwa imetajirika kwa kutengeneza vinanda vikubwa vya kumbi za sinema bubu. Filamu zenye sauti zilipokuja, soko hilo lilikufa, na kiwanda chake cha North Tonawanda, jimbo la New York, kikawa na mafundi seremala hodari wasio na kazi. Mwaka 1933 Homer Capehart, muuzaji mwenye maneno ambaye baadaye alikuwa seneta wa Indiana, aliiletea kampuni hiyo mtambo wa kubadilisha sahani uitwao Simplex. Miaka michache baadaye Wurlitzer ilikuwa ikiuza makumi ya maelfu ya jukiboksi kwa mwaka. Rockola naye aliingia sokoni 1935.

Kila jukiboksi ilihitaji sahani mpya kila wiki, na sahani zilichakaa haraka. Hivyo mwenye mashine akawa mnunuzi mkubwa wa muziki nchini. Kampuni ya Decca, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1934 ikiuza sahani kwa senti 35, ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya soko hilo. Na kwa kuwa mwenye mashine aliangalia kisanduku tu, hakujali rangi ya mwimbaji. Redio za Marekani ziliwabagua sana wanamuziki weusi wakati huo. Kwenye jukiboksi za baa za watu weusi kusini, na polepole kwingineko, bluzi na jazi zao zilipigwa usiku kucha kwa sababu watu walizilipia.

Ni kweli kulikuwa na mgahawa wa kutumbukiza sarafu?

Ndiyo. Joseph Horn na Frank Hardart walifungua wa kwanza Philadelphia mwaka 1902 kwa mitambo kutoka Ujerumani, kisha New York mwaka 1912. Ukuta mzima ulikuwa wa vidirisha vya kioo, kila kimoja kikiwa na sahani: pai, maharage, makaroni ya jibini. Unatumbukiza sarafu za senti tano, unazungusha kitasa, unafungua, unachukua. Nyuma ya ukuta wafanyakazi walijaza upya. Mabinti wa kubadilisha pesa, waliokaa kwenye vibanda vya kioo, waliweza kukurushia sarafu 20 za senti tano kwa dola yako bila kuziangalia, kwa kugusa tu na vidole.

Kahawa ilikuwa senti tano na ilibaki bei hiyo hadi 1950. Ilimiminika kwenye mabomba yenye umbo la kichwa cha pomboo. Miaka ya Mdororo migahawa hii ilijaa karani, mwigizaji asiye na kazi na mzee asiye na makazi, meza moja, bila mhudumu wa kukuuliza utaagiza nini au utaondoka lini. Wasio na kitu walichukua kikombe cha maji ya moto bure, wakamimina sosi ya nyanya iliyowekwa mezani, wakanywa kama supu. Heshima ya kula bila kutazamwa ilikuwa kubwa kwa watu waliokwisha zoea kupanga foleni za mkate. Mgahawa wa mwisho wa kampuni hiyo ulifungwa New York mwaka 1991.

Watu hawakutumia sarafu bandia?

Walitumia mno. Vipande vya bati, vibati vya duara vya mafundi bomba, sarafu za nchi nyingine, hata barafu iliyokatwa kwa umbo la sarafu imetajwa. Mashine za mwanzo zilipima ukubwa tu: kinachopita kwenye tundu kinakubalika.

Ulinzi uliongezeka ngazi kwa ngazi. Kwanza kidirisha cha kioo kilichoonyesha sarafu za mwisho zilizoingia, ili mwenye duka aone nani ametumbukiza bati. Kisha sumaku: chuma kinanaswa, sarafu halisi hupita. Kisha mizani ndogo, kwa kuwa sarafu ya senti tano ina gramu 5 na kitu chepesi hakiinui wenzo. Mitambo bora zaidi iliidondosha sarafu juu ya kipande cha chuma na kutazama inaruka umbali gani, kwani kila madini huruka kivyake. Hata mwendo wa sarafu mbele ya sumaku ulipimwa, maana shaba na fedha hupunguzwa kasi na sumaku ingawa hazinaswi nayo. Yote hayo bila waya wala betri, kwa uzito na mteremko peke yake.

Na zile mizani, mashine za picha, vijikono vya zawadi?

Mizani ilikuwa kipenzi cha wenye mashine, kwa sababu haina bidhaa ya kujaza. Senti moja, uzito wako, na mara nyingi kikaratasi cha bahati. Nyumba nyingi hazikuwa na mizani.

Mashine ya picha ni kazi ya Anatol Josepho, mhamiaji kutoka Omsk huko Siberia. Alifungua duka mtaa wa Broadway, New York, katikati ya miaka ya 1920 likitoa picha nane kwa senti 25, na mwaka 1927 akauza haki zake kwa dola milioni moja.

Vijikono vya zawadi vilikuwa kwenye maonyesho, stesheni na kumbi za hoteli. Zawadi nzuri, kama saa au noti iliyofungwa, zilipangwa juu ya punje za peremende. Kijikono kilinasa peremende.

Soda ilianza kuuzwa kwa mashine lini?

Majokofu ya kutumbukiza sarafu ya Coca-Cola yalienea katikati na mwishoni mwa miaka ya 1930. Soda hiyo ilibaki senti tano kwa miongo mingi, na mashine zenyewe zilichangia, kwa kuwa zilikubali sarafu moja tu. Kupandisha bei kwa senti moja kungemaanisha kubadilisha kila mashine nchini.

Kwa nini karibu kampuni zote zilikuwa Chicago?

Reli za pande zote za nchi zilikutana hapo, na mji ulikuwa na maseremala, wafua chuma, wachora vioo na watengeneza springi wa kutosha. Gottlieb, Bally, Mills, Jennings, Watling, Seeburg, Rock-Ola, Genco: wote walikuwa mji mmoja. Wabunifu walihama kutoka kampuni hii kwenda ile, na wazo jipya halikukaa siri kwa muda mrefu. Hata hivyo pinboli ilikuja kupigwa marufuku na mji huohuo uliozitengeneza.

Watoto waliruhusiwa?

Mashine nyingi zilikuwa kwenye maduka ya peremende karibu na shule, na hilo lilikuwa kosa kubwa la biashara hii. Senti ya chakula cha mchana iliishia kwenye goroli. La Guardia alipopata marufuku ya pinboli New York Januari 1942, hoja yake kuu ilikuwa pesa za watoto wa shule. Wapo wanaomwona kuwa alikuwa mkali kupita kiasi, na kweli marufuku hiyo ilidumu hadi 1976 ikiwakumba hata wenye michezo isiyolipa. Ila kwenye suala la watoto alikuwa sahihi, na wenye viwanda wangeweza kulimaliza wenyewe miaka kumi mapema.

Dubwi za mitaani kwetu zina undugu na mashine hizi?

Zina undugu wa moja kwa moja. Zile zinazokula sarafu ya shilingi 200 Tanzania, au shilingi 20 Kenya, hutoka viwanda vya China na zinaendeshwa kwa elektroniki. Lakini tazama picha zake: kengele, chungwa, tikiti, neno BAR. Kengele inatoka kwa Charles Fey, matunda yanatoka kwenye chingamu za Mills, na BAR inatoka kwenye lebo ya chingamu hizohizo. Mgawo kati ya mwenye mashine na mwenye duka ni uleule pia, na malalamiko ya wazazi ni yaleyale. Tanzania huzisimamia kwa leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na umri wa chini ni miaka 18. Kenya ilifikia hatua ya kuzikamata na kuziteketeza hadharani mwaka 2018.

Enzi hiyo iliisha lini?

Mwaka 1942. Marekani ilikuwa vitani, na serikali ilisimamisha utengenezaji wa mashine za starehe ili chuma na mafundi waende kwenye silaha. Baada ya vita jukiboksi na pinboli zilirudi zikiwa na nguvu mpya, huku mashine za kamari zikibanwa na sheria ya 1951 iliyozuia kuzisafirisha kutoka jimbo moja kwenda jingine isipokuwa pale zilipohalalishwa.

Naweza kuziona wapi leo?

Aliyeko Marekani aende San Francisco, Musée Mécanique, kwenye gati za Fisherman's Wharf. Mashine zake nyingi bado zinafanya kazi na unaruhusiwa kucheza. Alameda, ng'ambo ya ghuba, ipo Pacific Pinball Museum yenye michezo ya miaka mingi. Sehemu ya ukuta wa mgahawa wa kwanza wa Horn na Hardart imehifadhiwa na jumba la Smithsonian, Washington. Ukitaka kununua mashine ya kamari ya zamani, kwanza soma sheria ya jimbo lako: mengine yanaruhusu za kale tu, kwa umri uliotajwa kwenye sheria, na mengine hayaruhusu kabisa. Jukiboksi na mashine za karanga hazina kizuizi hicho, na spea zake bado zinapatikana kwa wakusanyaji.